Rulo za Nkambo

Vuta kiti, msomaji wangu, usogee karibu. Habari hii inaanzia juu ya paa, nami nataka uione vizuri.

Juzi nilirudi Kamina kubadilisha mabati ya nyumba ya nyanya yangu. Fundi alipanda, akaanza kung'oa misumari, na kila msumari uliodondoka ulikuwa umevaa shingoni kipande cha chuma cha mviringo. Akaokota kimoja, akakipangusa kwa kidole.

"Mama, hizi rondeli za zamani zilikuwa na sura ya muntu?"

"Si rondeli," nikamjibu. "Ile njo makuta. Tulikuwa tunalipaka nayo bintu kwa soko."

Akakigeuza tena, akatikisa kichwa. "Mulipigilia makuta na misumari? Kumbe mulikuwa batajiri."

Nilicheka hadi nikakaa chini. Lakini fundi hana kosa. Kijana wa umri wake hajawahi kushika sarafu ya nchi yake. Akipungukiwa chenji dukani hupewa bonbon, yaani pipi, au noti iliyochoka hata huoni imeandikwa nini. Kwa hiyo nikueleze kwanza. Zamani, enzi ya Zaire, tulikuwa na sarafu nzuri nzito. Kisha bei zikapanda, zikapanda, mpaka mfuko mzima wa sarafu haukununua kiberiti. Hapo ndipo watu walipozitoboa na kuziweka chini ya vichwa vya misumari, mvua isipenye. Ila ninayokusimulia yalitokea kabla ya hapo, wakati sarafu yenye tundu ilikuwa kama mtu mwenye upele: kila mmoja anaikwepa.

Nyanya yangu tulimwita nkambo, kama Waluba wanavyowaita wazee wao. Alikaanga mikate karibu na pale gari la moshi linaposimama. Asubuhi nilikuwa naamshwa na harufu ya mafuta ya mawese kabla ya sauti ya mtu yeyote. Kazi yangu ilikuwa kuchochea moto, kufunga mikate kwenye karatasi, na kuwa macho yake, maana macho yake mwenyewe yalikuwa yameanza kuingia ukungu.

Wafanyakazi wa reli walilipa kwa noti kubwa, kwa hiyo nkambo alihitaji chenji. Alikuwa akienda benki na noti, anarudi na rulo, yaani sarafu zilizofungwa kwa karatasi, zimebanana kama sigara nene. Lakini alichukua nyingi kuliko mikate yake ilivyohitaji. Nyumbani tulitandika kitenge, tukapasua karatasi, sarafu zikamwagika kwa mlio ule ambao sijausikia tena popote. Tuliziangalia moja moja, kisha tukazifunga upya kwa karatasi za daftari langu la zamani na kuzibadilisha tena kuwa noti.

Tulikuwa tunatafuta moja tu. Babu yangu alikuwa fundi wa reli. Sarafu zile zilipotoka mpya, alichukua moja ya makuta ishirini, yenye mkono ulioshika mwenge, akaitoboa ukingoni na kumvalisha mkewe kwa uzi. Chombo kiliteleza mara ya kwanza, kikaacha mkwaruzo kando ya tundu. Babu alifariki mapema, na hakuacha picha hata moja. Baadaye mama yangu alishikwa na homa kali, na nyumbani hamna fedha. Nkambo akakata uzi shingoni akanunua dawa. Mwenye dawa alinung'unika, lakini akapokea.

Tangu siku ile nkambo alikuwa akiifuata sarafu yake mjini kote. "Makuta haina miguu," alikuwa anasema, "lakini inarudiaka njia." Aliogopa kitu kimoja: ukungu ule ufunge kabisa kabla hajaiona.

Kazi hii ina kanuni yake, nami nilijifunza kwa kukosea. Sarafu tulizochukua benki tulizipeleka posta, ambako nako walihitaji chenji. Siku moja kulikuwa na jua kali, nami nikaona posta ni mbali. Nikazipeleka pale pale benki. Safari iliyofuata tulipasua rulo, nkambo akanusa karatasi, akaninusisha na mimi. Ilinuka mawese.

"Mujukuu wangu," akasema taratibu, "leo tunapekua mufuko yetu wenyewe."

Hakunipiga. Alinifundisha tu: usirudishe pale ulipochukua, la sivyo utatafuta ulichokwisha kutafuta. Bado naifuata kanuni hiyo, hata kwa mambo yasiyo ya fedha.

Aliyetuhudumia benki alikuwa bwana mnene mwenye shati jeupe siku zote. Alituvumilia, lakini ulimi wake haukuvumilia.

"Mama, weye unatwala, unatwala, kila siku unatwala. Banki iko mutoni? Unakuya kuchota?"

"Mutoni haiulizaka muntu anachota ya nini, baba."

"Mutoni hauhesabiaka muntu makuta. Miye nahesabu. Unatafuta nini?"

Nkambo hakuwa amemwambia mtu. Sasa akaona heri aseme, labda kwa sababu asubuhi ile alikuwa ameshindwa kutofautisha mkate mbichi na ulioiva. Akaeleza kuhusu tundu na mkwaruzo. Yule bwana akaacha kalamu. Hakucheka.

"Mama. Yenye tundu, banki haikamataka. Hata moja. Tunaitenga, tunamurudishia mwenye kuleta."

"Na nani analetaka nyingi?"

Akajikuna shingo, akatazama pembeni. "Usikasirike, mama. Ni kanisa yenu."

Fikiria mwenyewe. Sarafu iliyokataliwa na mwuza chumvi, ikakataliwa na mwuza samaki wa kule Kinkondja, mwenye nayo ataipeleka wapi? Jumapili kikapu kinapopita, hakuna anayeigeuza. Nkambo alishika njia ya kanisani papo hapo. Tulipokaribia, akasema:

"Mwaka yote tulikuwa tunaomba kwa Kaisari kintu iko kwa Mungu."

Mtunza fedha wa kanisa alikuwa mwalimu wangu wa shule. Alitoa kopo la maziwa lililojaa sarafu mbovu, akasema kwa aibu kwamba hakujua azifanye nini, kwa kuwa kutupa sadaka ni vibaya. Nkambo alizimwaga kwenye mapaja. Niliinama nimsaidie, akanisukuma kwa kiwiko.

"Acha macho. Vidole njo vinajua."

Alizipapasa, akiweka kando kila iliyomkatalia. Mwalimu na mimi tulisimama kama watu wanaosubiri jibu la daktari. Halafu kidole gumba chake kikasimama. Kikaenda kwenye tundu, kikashuka kwenye mkwaruzo, kikarudi.

"Bwana yangu huyu," akasema kwa sauti ndogo, kama anayemgombeza mtu aliyechelewa kurudi nyumbani. "Mukono yake ilitetemeka."

Mwalimu alitaka aichukue bure. Nkambo alikataa. Alitoa mfukoni sarafu nzima, inayong'aa, akaitia kwenye kopo, kisha akaniomba uzi.

Posta ile siku hizi haina chenji, na dirisha la sarafu halipo tena benki. Wale watu wote wamekwenda. Sarafu yenyewe leo iko shingoni mwa mama yangu, yule aliyenunuliwa dawa, na anapokanda bukari, ugali wetu, inagongana na kifungo cha nguo. Huo ndio mlio pekee uliobaki wa fedha zile.

Kwa hiyo nawe ukibadilisha mabati ya zamani, tandika kitenge chini kabla fundi hajaanza. Zile sarafu zioshe kwa majivu, uzipange mbele ya mzee wa nyumba, umuulize moja moja ilipita mikono gani. Kisha nyamaza, umsikilize.