Mwanamke Aliyesahihisha Kitini Changu

Nilirudi Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, kufundisha sheria ya katiba chuoni, nikiwa na mabegi mawili ya vitabu na hasira ambayo sikujua naielekeza kwa nani. Nilizaliwa juu kule Fizi, mtoto wa mkulima wa mihogo, nikasoma mbali, miaka mingi, katika miji ambako watu walicheka namna ninavyotamka Kifaransa. Niliporudi kila mtu aliniita Prof. Udaktari sikuwa nao bado. Tasnifu yangu ilikuwa imekwama sura ya tatu. Sikumsahihisha mtu hata mmoja.

Darasani nilikuwa mkali. Leo naweza kutumia neno lingine: nilikuwa mkatili, na niliufurahia ukatili huo. Mwanafunzi akiandika upuuzi, nilimsimamisha mbele, nikamfanya ausome kwa sauti, mara mbili, tatu, mpaka wenzake wacheke. Asipocheka mtu, nilicheka mimi. Niliwaambia kwamba nchi hii imeandika katiba nyingi na kuheshimu chache, na kwamba anayetaka kuitetea sheria hapa lazima kwanza azoee kuumizwa. Ilisikika kama hekima. Wengine waliiandika kwenye daftari.

Wakati huo, karibu na soko, kulikuwa na mama mmoja mjane mwenye kibanda cha kuchapa kazi na kutoa fotokopi. Alikuwa na kompyuta mbili za zamani, printa moja, na paneli ya jua juu ya bati. Kazi zote za mwisho za wanafunzi wetu zilipita mikononi mwake. Alisoma mpaka sekondari, akaolewa, mume akafa maji ziwani, akabaki na mashini. Alikuwa mtu wa sauti ndogo. Alichapa huku midomo ikisogea, kama anayesali, na baadaye ndipo nilipojua kwamba alikuwa anasoma kila neno.

Mwaka ule kitini changu cha historia ya katiba, kile wanafunzi wanachokiita silabus, kilikuwa kimechakaa. Faili lilipotea na kompyuta yangu iliyoibiwa njiani kwenda Uvira. Nikampelekea mama yule nakala ya karatasi, yenye madoa ya chai, akichape upya. Alikichapa kwa wiki moja. Nilitazama jalada, nikaona jina langu limeandikwa vizuri, nikamwambia atoe nakala za darasa zima. Ndani sikusoma. Niliona hakuna haja ya kusoma nilichokiandika mwenyewe.

Mtihani ulipofika niliuliza swali ambalo niliuliza kila mwaka: ile katiba iliyoandaliwa Luluabourg, miaka michache baada ya uhuru, ilipitishwa na nani? Jibu langu, tangu nilipoanza kufundisha, lilikuwa bunge. Nilikuwa nimelitoa kwenye madaftari yangu ya zamani ya chuo, na madaftari hayo sikuwahi kuyatilia shaka. Lakini darasa zima, tangu wa kwanza mpaka wa mwisho, liliandika kwamba ilipitishwa kwa kura ya wananchi. Sentensi ilikuwa ile ile kwenye kila karatasi. Nikaamini wameibia, kwamba mjinga mmoja ameandika na wengine wamenakili. Nikawapa sifuri wote kwenye swali hilo, na kwa kuwa lilikuwa swali kubwa, karibu wote walianguka.

Delege wao, yaani mwakilishi wa darasa, kijana mrefu aliyevaa shati moja jeupe wiki nzima, alikuja ofisini kunieleza kwamba jibu limo ndani ya kitini. Sikumwacha amalize. Nilimwambia kwamba mtu asiyejua kusoma asije kunifundisha kilichomo ndani ya kitabu changu, nikamwonyesha mlango. Alitoka kinyumenyume, kwa heshima.

Siku chache baadaye alifika mheshimiwa mmoja, mbunge wetu. Siku hizo, kama siku hizi, mazungumzo yalikuwa ni kuibadilisha katiba au kuiacha. Mheshimiwa alitaka mwanasheria wa kwao atakayewaeleza watu kwamba kubadilisha katiba si dhambi, na alikuwa ameniahidi kwamba nikifanya vizuri atanichukua Kinshasa kuwa mshauri wake. Mimi mwenyewe sikuwa na hakika ninaamini nini. Kinshasa niliiamini.

Tulikutana katika ukumbi wa parokia. Walikuja Wakatoliki, Waprotestanti, wavuvi kutoka Swima, wakulima, walimu, na wanafunzi wangu wakiwa wamekaa pamoja nyuma. Niliongea vizuri. Nikasema katiba zetu zimebadilishwa mara nyingi, na kwamba hata ile ya Luluabourg, ambayo watu wanaisifia sana, ilipitishwa na bunge tu, na hakuna mwananchi aliyeulizwa. Kwa hiyo, nikasema, tusijifanye kwamba zamani watu waliulizwa.

Akasimama mwanafunzi wangu mmoja wa kike. Alikuwa binti wa wakimbizi kutoka Burundi, wazazi wake walilima shamba la kukodi nje ya mji, na ndiye aliyekuwa na akili kuliko wote niliowafundisha. Hakubishana. Aliomba ruhusa, akafungua kitini, akasoma kwa sauti ya darasani: katiba hiyo ilipitishwa kwa kura ya maoni ya wananchi, isipokuwa katika maeneo yaliyokuwa na vita, na bunge wakati huo lilikuwa limefungwa. Kisha akageuza jalada ili watu waone jina la mwandishi. Lilikuwa jina langu.

Watu walianza kucheka taratibu, kisha ukumbi mzima. Mheshimiwa alicheka kuliko wote.

"Sasa Prof," akasema, "tufuate kitini, ao tukufuate weye?"

Mheshimiwa akampa neno mwalimu mmoja wa sekondari aendelee mahali pangu. Kwenye gari hakunikaribisha. Nilirudi nyumbani kwa miguu, wanafunzi wangu wakinisalimia njiani kwa adabu ambayo iliniuma kuliko kicheko.

Jua lilikuwa bado juu. Nilifungua begi la vitabu, nikatafuta. Haikuchukua muda. Kitini kilikuwa sahihi na mimi nilikuwa nimekosea, miaka yote, mbele ya madarasa yote. Naandika hili kwanza kabla ya mengine ili ieleweke: nilijua. Yote niliyofanya baada ya hapo niliyafanya nikijua.

Asubuhi nilikwenda kwenye kibanda. Mama alikuwa anafuta vumbi kwenye printa. Alinipa kiti, nikakataa. Nikamuuliza nani aligusa ukurasa ule. Hakujificha.

"Ni mi nilibadilisha, Prof. Niliona ni makosa ya kuandika. Nilitaka nikuambie, lakini siku ile uliharakisha."

Nikamuuliza alijuaje. Akanieleza bila haraka. Marehemu baba yake alikuwa akisimulia kwamba watu wa nchi nzima waliitwa kusema ndiyo au hapana juu ya katiba, ila huku kwetu karatasi za kura hazikufika kwa sababu ya vita, na jambo hilo lilimuuma mpaka alipokufa. Halafu mwaka uliotangulia alichapa kazi ya mwanafunzi mmoja iliyoeleza kwamba bunge lilifungwa kabla ya hapo.

"Kazi ile uliiongoza weye mwenyewe," akasema. "Ulimupatia points nzuri."

Ilikuwa kweli. Niliisaini bila kuisoma.

"Weye ulisoma sheria wapi?" nikamuuliza.

"Sikusoma sheria, Prof. Nilichapa tu."

Alisema hivyo kwa unyenyekevu, nadhani hata kwa kuniomba radhi. Mimi nilisikia dharau. Kama angekuwa profesa mwenzangu ningemwandikia barua ya kumshukuru na kumchukia kimoyomoyo. Lakini mwanamke wa fotokopi, mwenye kitambaa cha kufutia vumbi mkononi, alikuwa amenisahihisha, na mji mzima ulikuwa umesikia. Nikatoka bila kuaga.

Wiki ile niliandika barua kwa baraza la chuo. Sikutaja katiba wala kitini. Niliandika kwamba katika kibanda kile wanafunzi wanaandikiwa kazi zao za mwisho, na kwamba heshima ya chuo iko hatarini. Kulikuwa na chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo niliyoikuza: mama yule alikuwa anawanyooshea Kifaransa wanafunzi, alirudisha herufi zilizopotea, alipanga tanbihi. Wenzangu kwenye baraza hawakuuliza sana. Kila mmoja wao alikuwa na kitini chake kilichochapwa pale, na ghafla kila mmoja akawa na wasiwasi juu ya kilichomo ndani.

Hata hivyo walitaka shahidi. Nikamwita yule binti wa wakimbizi. Kazi yake ya mwisho ilikuwa mezani kwangu, tayari kutetewa mbele ya jopo, nzuri kuliko nilizowahi kusoma. Nikamwekea karatasi nyingine juu yake, inayosema kwamba mama wa kibanda alimwandikia sehemu za kazi na kwamba anajuta. Nikamweleza kwamba akisaini atapewa onyo na kutetea kazi yake. Asiposaini, kazi itakataliwa, na nikaongeza kwamba chuo kitalazimika kuangalia upya karatasi zake za ukimbizi. Chuo hakikuwa na uwezo huo. Nilikuwa nimewafundisha mimi mwenyewe kwamba hakina. Lakini hofu ya karatasi alikuwa nayo tangu utotoni, na mimi nilijua pa kubonyeza.

Alisoma karatasi yote. Akaniuliza kama anaweza kwenda kwanza kumwambia mama. Nikasema hapana. Akasaini, herufi zake nzuri, zilizonyooka, akaweka kalamu katikati ya meza na si mkononi mwangu.

Tangazo likabandikwa kwenye ubao wetu, ule tunaouita valve: kazi yoyote iliyochapwa katika kibanda kile haitapokelewa. Wanafunzi walikuwa ndio wateja wake karibu wote. Mwanzoni walikwenda kwa kujificha, wakibadilisha jalada mahali pengine. Nikaanza kukagua herufi. Printa yake ilikuwa na kasoro, iliacha mstari mwembamba pembeni. Kazi mbili nilizirudisha kwa ajili ya mstari huo. Baada ya hapo hakwenda mtu.

Kipindi cha pili cha mtihani, cha walioanguka, nikauliza swali lile lile. Sikulazimika. Nilitaka kuona. Wote wakaandika bunge. Walijua si kweli, na mimi nilijua, na nikawapa alama kamili. Ni delege peke yake aliyeandika tena wananchi, na chini yake akaongeza ukurasa wa kitini, kwa wino mwekundu. Nikampa sifuri. Aliacha masomo, akaenda Lulimba kuchimba dhahabu. Walioonana naye wanasema ana nguvu, anakunywa, na hapendi kuulizwa habari za shule.

Mwaka uliofuata nilitoa toleo jipya la kitini. Sentensi ya mama wa kibanda niliiacha kama alivyoiandika, maana sikuweza kuiandika vizuri zaidi. Katika tasnifu, ambayo hatimaye niliimaliza, kuna sura nzima juu ya watu wa maeneo haya ambao kura ile haikuwafikia. Watahini waliisifu sana sura hiyo. Waliniuliza wazo nililipata wapi, nikasema nimelisikia tangu utotoni kwa wazee wa kwetu. Binti wa wakimbizi alitetea kazi yake akapata alama za juu, na leo ni msaidizi wangu. Ananiandalia masomo, anasahihisha mitihani, ananisalimia kila asubuhi. Kuhusu karatasi ile hatujazungumza hata siku moja. Mheshimiwa alimchukua yule mwalimu wa sekondari.

Mama aliuza mashini zake kwa mtu wa Uvira, akahamia Kazimia kwa ndugu wa marehemu mumewe, kununua ndakala, wale dagaa wa ziwani, na kuzipeleka kwa mitumbwi ya injini kwenye masoko mengine ya ziwani.

Mwaka jana nilikwenda Kazimia kwa semina juu ya haki za raia. Mchana tukashuka bandarini kutafuta chakula, na nikamwona kabla hajaniona. Alikuwa amenenepa kidogo, mikono myeupe kwa chumvi, akiwaelekeza vijana wawili kufunga magunia. Ningeweza kupita. Sijui kwa nini nilisimama.

Aliponiona aliinuka, akajifuta mikono kwenye kitenge. Akawaambia waliokuwa pale, "Mumupatie kiti. Huyu ni profesa ya sheria, iko mukubwa."

Nikapewa kiti. Akaniletea samaki na ugali, akaniuliza habari za watoto, akaniuliza kama barabara ya Baraka inapitika. Nilikuwa na maneno tayari, niliyokuwa nimeyapanga kwa miaka, na nikaanza kwa kusema kwamba kuna jambo la zamani.

"Prof, kula kwanza," akasema. "Chombo yangu inaondoka sasa hivi."

Akaenda kuhesabu magunia. Akapanda, akakaa juu ya mzigo, mgongo wake kwangu, akiongea na mama mwingine na kucheka. Injini ikawaka. Nilikula samaki wote. Nilichohisi, chombo kilipoondoka, kilikuwa nafuu, na sikuona aibu nayo mpaka siku iliyofuata, nilipokuwa mbele ya watu nikiwaeleza haki ya mtu kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa.