Mkono wa Kushoto Unakumbuka, Mwenyewe Amesahau

Saa mbili na robo asubuhi, mwandishi wa programu za kompyuta anabonyeza vitufe viwili kwa pamoja ili kuhifadhi kazi yake. Mistari kumi na minne inatoweka kwenye kioo. Anautazama mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kama mama aliyesikia kitu kikivunjika jikoni asijue amuulize mtoto gani.

"Ni huyu," anasema, akiinua wa kushoto. Anasita. "Au siye. Kwa kweli sijui."

Ana miaka thelathini na minne, na ofisini wanamwita Shoto. Jina hilo halijafikisha miezi minne. Aliteleza kwenye ngazi zilizotoka kupigwa deki, akauangukia mkono wa kulia, ukavunjika kwenye kifundo. Akafungwa plasta kwa wiki sita.

Kazi haikumngoja apone. Kliniki moja ilitaka programu ya kupanga miadi ya wagonjwa, na yeye hulipwa kwa kila sehemu anayokamilisha. Asipoandika, hali.

Kihariri, yaani programu anayoandikia, humruhusu mtu achague mwenyewe vitufe gani vifanye nini: kuhifadhi, kufuta mstari, kutafuta neno. Basi kila amri iliyohitaji mkono wa kulia akaihamishia kushoto. Zilikuwa thelathini na moja.

"Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa," anasema. "Mimi nilikuwa navyo vitano. Nikaona si haba."

Kufikia wiki ya tatu mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Balaa lilikuja plasta ilipotolewa. Alirudisha amri zake za zamani, lakini zile mpya hakuziondoa zote. Aliona uchungu kuzitupa baada ya jasho lile. Mafahali wawili wakawekwa zizi moja. Vitufe alivyohifadhia kazi wakati wa plasta vikarudia kazi yao ya kale, yaani kufuta.

Siku ya majaribio kliniki, msimamizi wake alimpigia simu.

"Dada, miadi ya watoto iko wapi?"

"Ipo. Niliiandika mwenyewe."

"Mpokea wagonjwa kaifungua hapa mbele yangu. Hakuna kitu."

Mkono wa kushoto ulikuwa umefuta sehemu nzima ukidhani unahifadhi, na wa kulia, kwa nia njema kabisa, ukahifadhi kilichobaki. Ilibidi achukue nakala ya siku iliyotangulia na kuandika upya kazi ya nusu siku. Msimamizi akampa wiki moja; ikishindikana, kazi inapewa mwingine.

Kwa hasira alizifuta amri zote za kushoto zilizobaki. "Nilidhani nimemaliza maneno," anasema. "Kesho yake mkono ukaendelea vilevile. Unabonyeza vitu ambavyo havipo tena, halafu unanisubiri."

Anaishi na mama yake, mpiga chapa mstaafu, ambaye siku hiyo alimkuta ameikalia mikono yote miwili.

"Sisi walituletea mashine mpya, herufi zimehamishwa," mama alimwambia. "Mwezi mzima barua zangu hazisomeki."

"Ulifanyaje, mama?"

"Nililia chooni. Kisha nikawa napiga polepole."

Dawa hiyo haikumvutia, ila hakuwa na nyingine. Tangu siku ile hutaja amri kwa sauti kabla ya kuibonyeza: "Hifadhi." "Tafuta." Wenzake wa meza ya jirani wamezoea. Akijisahau, kama asubuhi hii, mistari inatoweka. Kabla wiki ile haijaisha, miadi ya watoto ilipita majaribio na kazi ikabaki mikononi mwake, ingawa hathubutu kuapa ni mkono upi ulioifikisha.

Wiki hiyohiyo, kwenye benchi la wanaosubiri mazoezi ya viungo, alikutana na mwandishi wa programu mwenzake aliyepata kiharusi. Mkono wa kulia wa bwana yule hauamki. Aliposikia habari za amri za kushoto, akaziomba.

"Nikamwambia, kaka, nitakutumia leo," Shoto anasimulia. "Nafika nyumbani ndiyo nakumbuka nimezifuta. Nikikaa kuzitaja, zinanijia sita tu."

Kwa hiyo siku hizi kila Jumamosi anakaa mezani, mkono wa kulia mapajani, anafumba macho na kuandika kama enzi za plasta. Mama yake, miwani puani na daftari mbele yake, anavizia kidole kinapoangukia na kuandika. Wamefikisha kumi na tisa. Anataka kumpelekea bwana yule zote kabla mwezi haujaisha, ili naye arudi kazini.

Mkono wa kushoto unaruka, unagusa vitufe vitatu, unatulia.

"Hii ya ishirini ni ya nini?" mama anauliza.

"Sijui, mama. Iandike tu. Tutamuuliza yeye akishaijaribu."

Mama anainamia daftari na kuiandika.