Muhuri na Kindi Watatu

Wananchi wote, wake kwa waume, wenye meno na wanaomeza bila kutafuna, wanatangaziwa kwamba bwana mmoja mwenye umri wa miaka hamsini na minane, mkaguzi wa nyama kwa miaka ishirini na mitatu, mwenye suruali mbili na mke mmoja, ameingia rasmi katika uwindaji wa kindi. Kindi wanaombwa kutoa ushirikiano.

Hawakutoa.

Mtaani walimwita Muhuri. Enzi za kazi yake hapakuwa na paja la ng'ombe lililotoka machinjioni bila muhuri wake wa wino wa zambarau, na wino huo ulimkaa vidoleni hata siku ya harusi. Watu walimheshimu kama wanavyomheshimu mbwa mkali, yaani kwa kupita mbali. Akialikwa karamu aliigeuza nyama sahanini kwa uma, akaiinamia, akaibonyeza, akainusa, huku mwenye nyumba anatokwa jasho. Mwishowe walikuwa wanamwalika mkewe peke yake. Mke naye alimletea kipande kwenye mfuko, kwa mapenzi, na Muhuri alikipeleka dirishani kwenye mwanga kukikagua kabla ya kusema asante.

Kisha likaja lori la ng'ombe kumi na mmoja. Mwenye ng'ombe alikuwa mtu ambaye picha yake ilitundikwa ofisini kwa meneja, juu kidogo ya kalenda. Muhuri alipasua maini, akatazama, akarudisha muhuri mfukoni bila kuugonga. Meneja akamwita kaka. Siku ya pili akamwita mzee wangu. Siku ya tatu akamwita kwa barua. Barua ilieleza kwa masikitiko kwamba machinjio yanapunguza wafanyakazi. Wakapunguzwa wafanyakazi wote waliohusika, jumla yao mmoja.

Muhuri wenyewe, ule wa wino, alikabidhiwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye Muhuri ndiye aliyemwingiza pale kuosha sakafu kwa mpira wa maji. Shemeji aliielewa kazi kwa mchana mmoja. Unachovya, unagandamiza, unapita. "Kumbe nyepesi hivi," aliwaambia wenzake. "Sijui shemeji alikuwa anatafuta nini humo ndani ya ng'ombe."

Ikapita miaka minne ya maharage. Maharage ya chumvi, maharage ya kitunguu, na siku za sikukuu maharage yaliyowekwa kwenye bakuli lenye maua. Jumatatu moja mkewe aliweka kijiko chini.

"Baba, Jumapili ndugu yangu anakuja kula."

"Akaribie."

"Sijamaliza. Anataka nikakae kwake. Ana chumba kitupu, kina pazia. Nimemwambia jibu atalipata Jumapili."

Muhuri akaendelea kukoroga maharage yake.

"Sitamkaribisha kwa maharage," mke akaendelea, taratibu, kama mtu anayekunja nguo. "Ukiweka nyama mezani, nyama uliyoitafuta mwenyewe, nitajua bado nina mume. Usipoweka, nafunga mzigo wangu. Sitagombana na wewe. Nimechoka hata kugombana."

Hilo la kutogombana ndilo lililomkata maini. Mke huyu alikuwa mgomvi wa kutegemewa. Muhuri hakuwa na kitu mfukoni, na wauza nyama wa soko zima walishaacha hata kuitikia salamu zake. Akafikiri usiku, na asubuhi akaenda kwa mnoa misumeno.

Mnoa misumeno alikuwa mwanamke mkavu wa miaka sitini, mwenye mikono kama koleo na ulimi unaolingana na kazi yake. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya kiwanda cha mbao, na misonobari ya pale ilijaa kindi waliokuwa wanatafuna nyaya za mashine. Mwenye kiwanda alimpa ruhusa awawinde atakavyo.

"Wewe?" akamwambia Muhuri. "Umezoea ng'ombe aliyefungwa kamba. Huyu hafungwi, na wala hatakungoja uvae miwani."

"Nifundishe tu, dada."

Akamfundisha. Akampa manati na kumweka chini ya mti, mgongo kwenye shina, kimya. Asipige anapoona mkia tu. Asipige kuelekea bati la mtu. Apate kichwa, au aache, maana mnyama aliyejeruhiwa akapanda juu ni aibu ya mwindaji. Kisha akamfundisha kuchuna: mzamishe kwanza kwenye maji ili manyoya yasishike nyama, kata mfupa wa mkia kwa chini bila kukata ngozi ya mgongo, kanyaga mkia, shika miguu ya nyuma, vuta. Ngozi inavuka kama fulana. Toa tezi za kwapani. Vaa glavu muda wote, nawa kwa sabuni hata kama ulivaa, na chemsha mpaka nyama iachane na mfupa.

"Na jambo moja," akasema huku akipiga tupa kwenye msumeno. "Kindi mzima ana wazimu, hatulii. Ukimwona aliyekaa anakutazama mpaka umalize kulenga, mwache. Huyo ana lake."

Muhuri akaitikia kwa kichwa, kwa dharau kidogo. Yeye kuambiwa habari za mnyama mgonjwa.

Jumanne alipiga shina. Jumatano alipiga shina lingine. Alhamisi alijipiga kidole gumba, na Ijumaa alivunja dirisha la choo cha kiwanda, choo kikiwa na mtu ndani. Jumamosi hakupiga chochote, ila kindi mmoja alimdondoshea tunda gumu la msonobari kichwani, na mnoa misumeno akacheka mpaka akakalia ndoo.

Jumapili, jua halijapanda vizuri, neema ikashuka. Kindi alikuwa ameketi tawi la chini, manyoya yamemsimama kama aliyeamka vibaya, anamtazama. Muhuri alilenga kwa raha zake. Akampata. Hatua kumi mbele, wa pili alikuwa chini ya mti, anatembea kama mzee anayetafuta kiatu. Akampata. Wa tatu alikatiza mbio juu ya gogo, Muhuri akaachia jiwe bila hata kulenga, na jiwe likafanya kazi ya bahati. Kindi watatu kwa asubuhi moja. Alirudi nyumbani anapiga mluzi, jambo ambalo mkewe hakuwahi kulisikia tangu lile lori.

Uani alivaa glavu za mpira, akachuna kama alivyofundishwa, akawatumbua wote kwa kisu kimoja na kuwatumbukiza katika beseni moja la maji ya chumvi, nyama na maini pamoja. Ndani, vitunguu vilikuwa vinakaangwa. Mkewe alikuwa amevaa kitenge cha kutokea. Alipita nyuma yake, akamwekea mkono begani, akauacha hapo kidogo.

"Wamenona," akasema.

"Wamenona," Muhuri akajibu, na hapo hapo jicho lake, ambalo halikupunguzwa kazi pamoja na mwenyewe, likaona ini likielea. Lilikuwa na vidoa vyeupe, vidogo kama chembe za sembe. Akalitoa, akalipeleka kwenye mwanga. Akatafuta la pili. Vidoa. La tatu lilikuwa safi, jekundu, linang'aa, na lilikuwa limelala na yale mawili katika maji yale yale tangu mwanzo. Mwanafunzi angefanya kosa kama hilo machinjioni, Muhuri angemfukuza kabla ya chai.

"Usiguse," akamwambia mkewe, aliyekuwa ananyoosha mkono mtupu. "Wawili walikuwa wagonjwa."

"Kata penye ugonjwa."

"Ugonjwa huu haukatwi. Hata kushika tu ni hatari."

"Mzee, nitachemsha kwa saa tatu nzima. Kitu gani kitatoka humo kikiwa hai?"

Shemeji akaingia wakati huo, shati limepigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe. Akapewa habari. Akainamia beseni, mikono nyuma, kama mgeni wa heshima anayekagua mradi.

"Vidoa tu hivi," akatoa hukumu. "Shemeji, vya namna hii mimi napitisha kila siku."

Hata vitunguu vilionekana kupunguza sauti.

"Basi umesikia," mke akasema. "Mkaguzi amepitisha. Nipe beseni."

Kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, Muhuri aliona kila kitu. Aliona sufuria mezani. Aliona shemeji anaongeza kipande cha pili, cha tatu, analamba vidole, na katikati ya juma yuko kitandani na homa, tezi zimemvimba, na muhuri umekauka wino mezani pa meneja. Aliona mkewe amebaki. Ilikuwa ndoto tamu kuliko zote za miaka minne, na aliiota mchana, akiwa wima, macho wazi. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu.

Akachukua chupa ya mafuta ya taa dirishani, akaimimina yote kwenye beseni.

Mkewe aliyatazama mafuta yakitanda juu ya nyama. Hakupiga kelele. "Miaka minne nakula msimamo wako," akasema. "Kwa maharage. Leo ulipata kitoweo, ukaona unishindishe tena njaa mbele ya ndugu yangu."

"Ungeugua."

"Ningeugua nikiwa nimeshiba."

Mzigo ulikuwa umeshafungwa tangu Ijumaa, nyuma ya mlango, kwa tahadhari. Shemeji aliubeba yeye. Langoni aligeuka, akasema kwa huruma ya kweli, na hiyo ndiyo iliyouma, "Shemeji, wewe hujui kuishi na watu."

Mnoa misumeno alikuja mchana kuangalia mawindo ya mwanafunzi wake. Alimkuta uani anachoma kindi kwenye shimo, jikoni vitunguu vimeungua, ndani hamna mtu. Akaulizia, akaelezwa kwa maneno sita au saba. Mwanamke huyo hakuwa na kawaida ya kusifu kitu kisicho na meno ya chuma, lakini safari hii alivua kilemba, akakishika kifuani.

"Kaka yangu," akasema, "nimeishi na watu wengi, na wote wana bei. Wewe peke yako nimekuona huna. Umepoteza kazi kwa ajili ya haki, leo umepoteza na nyumba. Siku moja mji huu utakukumbuka."

Muhuri alichokonoa moto kwa kijiti.

"Yule wa tatu alikuwa mzima," akasema. "Ningetumia mabeseni mawili, tungekula."