Alimentation 850 W

Watson Ngosa alikuwa na miaka sitini na mmoja alipoamua kuwa ataendesha lori tena, na goti lake la kulia halikuulizwa.

Namfahamu vizuri, maana alinibebea mizigo nusu ya maisha yangu. Mimi nauza chisense, vile visamaki vidogo vya Ziwa Mweru, katika soko la Nchelenge. Nilivuka kutoka Kilwa, ng'ambo ya Kongo, nilipoolewa, na tangu hapo magunia yangu yalikwenda Kitwe juu ya lori la Watson. Alishuka Mansa, akapita Chembe, akakata ile barabara ya Pedicle inayopita kwenye kipande cha Kongo, akatokea Mufulira. Kiswahili chake alikiokota huko Pedicle, kwa askari wa vizuizi na kwa wachuuzi kama mimi, ndiyo maana kina Kibemba kingi na maneno mengi ya kuomba radhi. Pembeni yake alikaa Patson, mwenzake wa safari zote. Mmoja alishika usukani, mwingine aliisoma barabara kwa sauti: "Shimo. Mbuzi. Askari." Kisha walibadilishana.

Halafu siku moja jeki ikateleza, goti likapondeka, na kazi ikaisha. Patson naye akahamia Johannesburg kwa binti yake. Watson akabaki ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, akisikiliza malori ya watu wengine na kumkasirikia kila dereva.

"Sikia ile gia, Mama Clotilde! Anaiua ile gari. Anaiua!"

"Ba Watson, muache batu batembeze magari yabo," nilikuwa namjibu, lakini moyoni nilimhurumia. Mtu aliyezoea kulala Chembe na kula mchana Kitwe, sasa safari yake ndefu ilikuwa kutoka kigodani hadi chooni.

Mwaka jana kiinua mgongo chake kilitoka, baada ya miaka ya kuandikiana barua. Watu wa mtaani walikwisha kumpangia: mabati, friji ya samaki, mashua yenye injini. Watson akaja kwenye meza yangu na daftari la shule mkononi, macho yanang'aa, akasema anataka kompyuta. Si ya kuandikia barua. Kompyuta ya michezo, yenye nguvu, ya kuundwa kipande kwa kipande.

Patson ndiye aliyemtia hamu hiyo. Alimtumia video ya mchezo wa kuendesha lori, una usukani wa kushika mikononi, vioo vya pembeni, na mvua inayopiga kioo cha mbele. Na watu wawili, mmoja hapa, mwingine nchi nyingine, wanaweza kuwa katika barabara moja, kila mmoja na lori lake, huku wakizungumza.

"Na breki?" niliuliza. "Lile goti?"

"Breki iko ku mukono, mukwai! Unafinya hapa tu."

"Si mungenunua tu ile ya bei kidogo, ba Watson?"

Akanitazama kama nimemtukana. "Mama Clotilde, miaka makumi tatu nimeendesha gari za batu. Moja haina kioo, ingine mulango unafungwa na kamba. Hii moja, kila kintu nitachagua miye mwenyewe. Hata boluti ya mwisho."

Hata mimi ningependa kuwa na kitu kimoja duniani nilichokichagua chote mwenyewe.

Alichagua kwa miezi minne. Mshauri wake alikuwa Didier, fundi wa simu kutoka kwetu Kilwa, mwenye kibanda karibu na mabasi ya Mansa. Nami nikawa napita hapo nikitoka sokoni, mwanzoni kwa kucheka, baadaye kwa sababu sikuweza kukaa mbali. Utamu wote ulikuwa katika ubishi. Watson hakukubali kipande mpaka kipewe jina la lori. Prosesa ilikuwa injini, na alitaka ya silinda nyingi. Kumbukumbu ilikuwa bodi ya nyuma ya kubebea mzigo. Kadi ya picha, kipande ghali kuliko vyote, ilikuwa kioo cha mbele, na juu ya hiyo alibishana na Patson kwenye simu wiki tatu nzima, mpaka wauza samaki wenzangu wakawa wananiuliza asubuhi: "Kadi imefika wapi?" Ule ubao mkubwa unaopokea vipande vyote Didier aliuita carte mère, kadi mama. Nikamwambia hata humo ndani mama ndiye anayewabeba wote, na sina shaka kwamba hakuna anayemshukuru.

Kasha alilitaka lenye kioo ubavuni. Alisema ameendesha miaka yote boneti ikiwa imefungwa, sasa anataka kuiona injini ikifanya kazi. Didier akamwonya juu ya wale vimbu wa ziwa, wadudu wadogo wanaokuja kama moshi. Wangeziba feni kwa wiki moja. Hapo nikatoa wazo langu: kipande cha chandarua, kikatwe, kibandikwe mbele ya feni. Watson akapiga makofi. Siku hiyo nilirudi nyumbani najiona injinia.

Kisha ikaja habari ya Patson. Macho yake yalikuwa yanaingia ukungu, na Jumatatu moja ya mwezi wa sita angepasuliwa. Daktari hakumwahidi kitu. Patson aliomba jambo moja tu: kabla ya Jumatatu hiyo, safari moja na Watson. Wakapanga Jumamosi saa nane mchana, maana siku hizo umeme mtaani kwetu ulikuja saa sita na kukatika saa kumi na moja. Kompyuta isipowaka siku hiyo, huenda Patson asingeiona tena barabara.

Mimi nilikuwa naenda Lubumbashi kununua vitenge, na shemeji yangu Guylain ana duka la kompyuta huko. Watson akanipa bahasha na orodha. Orodha ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza changu kinaishia kwenye bei, basi Didier akaniandikia upya kwa Kifaransa. Mstari wa mwisho, chini kabisa, aliandika: Alimentation 850 W.

Sasa nisikilizeni, kisha mseme kama nilikosa. Kwetu, kuanzia Kilwa hadi Lubumbashi, alimentation ni duka la vyakula. Neno limepakwa rangi ukutani kila kona: maziwa ya unga, sukari, sardini. Niliusoma ule mstari ndani ya boti, katikati ya ziwa, nikaelewa papo hapo: chakula cha kwacha mia nane hamsini, cha W. Na W ni Watson. Mzee wa watu amemaliza pesa kwenye injini na vioo, na chakula chake amekiweka mwisho, kwa aibu, kwa herufi moja.

Ndiyo maana dukani kwa Guylain sikutoa ile karatasi. Nilimsomea mwenyewe, mstari kwa mstari, na ule wa mwisho nikauruka ili nisimwaibishe mzee mbele ya mtu asiyemjua. Guylain alipanga maboksi, pamoja na la usukani na la skrini, akayahesabu kwa kidole, kisha akauliza:

"Na alimentation, belle-sœur? Nikuwekee?"

"Ile uniachie. Nitanunua miye mwenyewe."

"Bon. Mais uchukue ya muzuri. Ile ya bei ya chini inaharibishaka vyote vya mu ndani."

"Guylain, najua! Unazani nitapatia mutu mukubwa bintu bya kuoza?"

"Na ikuwe ya nguvu, juu mule mu ndani kunakulaka mingi."

Nikatoka nikimsifu kwa roho yake nzuri. Nilichagua kwa makini kuliko Watson mwenyewe. Maziwa ya unga ya bati kubwa, si ya pakiti. Mchele usio na mawe. Sardini, mafuta ya mawese, sukari, na zile biskuti ngumu zinazokubali kuchovywa kwenye chai. Hata pesa za kwangu niliongeza kidogo.

Alhamisi asubuhi boti ilipogusa ufuko wa Nchelenge, Watson alikuwa amesimama mchangani na fimbo yake, amenyoa ndevu. Aliyasindikiza maboksi hadi nyumbani kama mtu anayemleta bibi harusi. Didier akafungua moja baada ya jingine juu ya meza, na harufu ya vitu vipya ikajaa chumba. Watson alinawa mikono mara mbili, akaiweka prosesa mwenyewe, akiwa hapumui, na iliposhika mahali pake sote watatu tulipiga kelele. Kadi ya picha ilikuwa nzito kama samaki wa kilo mbili. Alinipa niishike kidogo, kisha akaichukua haraka.

Didier akanyoosha mkono bila kutazama. "Alimentation iko wapi?"

"Iko hapa!" nikasema kwa furaha, nikaburuta sanduku langu, nikapanga mezani kimoja kimoja: bati la maziwa, mchele, sardini, mawese.

Didier akaitazama sardini. Akaitazama kompyuta. "Mama Clotilde," akasema taratibu, "alimentation ni kale kasanduku kanapatiaka machine courant, ule umeme. Huit cent cinquante watts."

"Watts ni nani?"

Didier akachukua orodha yake, akaweka kidole kwenye ile herufi ya mwisho.

"W si Watson?"

Sijapata kuona aibu kama ile, na aibu yangu hugeuka hasira haraka. Nilimfokea Didier kwa uvivu wake wa kutoandika neno zima. Nikamfokea Mfaransa aliyetoa jina moja kwa duka la chakula na kwa kisanduku cha umeme. Halafu nikakaa chini nikalia, kwa sababu kisanduku kingine kingetoka Lusaka na kisingefika kabla ya Jumatatu, na Jumatatu ilikuwa ya daktari.

Watson alilichukua bati la maziwa, akaligeuza, akasoma maandishi yake yote. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka fimbo ikaanguka.

"Lesa wandi, Mungu wangu! Miezi ine niko nachagua bya kulisha machine. Mama Clotilde peke yake njo alichagua bya kulisha Watson!"

Alipomaliza kupangusa machozi, uso wake ukabadilika ukawa wa dereva. "Didier. Gari ikikosa nguvu ku mulima, tunafanyaka nini? Tunashusha muzigo. Humu, nani anakulaka courant mingi?"

"Carte graphique," Didier akajibu. Ile kadi ya picha. Bila hiyo, prosesa ingeweza kutoa picha kidogo yenyewe, mbaya, lakini picha. Na kibandani kwake alikuwa na kompyuta ya ofisi iliyokufa, ambayo kisanduku chake cha umeme, kidogo na cha zamani, bado kilikuwa kizima.

Watson aliitoa kadi kwa mkono wake mwenyewe. Akairudisha kwenye boksi lake, akalifunika kwa kitambaa, akabaki ameweka kiganja juu yake. "Kioo changu cha mbele," alisema. Iliniuma vibaya.

Ijumaa saa sita na dakika kumi umeme ulirudi. Watson akabonyeza kitufe. Feni zikazunguka nyuma ya chandarua changu, taa zikawaka ndani ya kioo, na mimi nikapiga vigelegele mpaka majirani wakaja mbio wakidhani kuna harusi. Watson aliweka mkono juu ya kasha, kama alivyokuwa akiigusa boneti asubuhi, kusikiliza mtetemo. Didier akatumia mchana mzima kuuingiza mchezo.

Jumamosi saa nane Patson alikuwa hewani. Walikuwa wamechagua barabara za Ufaransa, kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika. Wanazungumza Kibemba wao kwa wao, nami nawasimulia kwa Kiswahili ninavyokumbuka.

"Watson, niko nyuma yako. Nisomee vibao, macho yangu hayavioni."

"Patson, hata mimi sivioni. Kioo changu kiko kwenye boksi."

Picha ilikuwa mbaya kweli: miti ilikuwa kama mboga iliyochemshwa kupita kiasi, na vibao vilikuwa ukungu wa buluu. Kisha wote wawili wakaanza kucheka, huku malori mawili yakienda kasi kuelekea njia panda ambayo hakuna aliyeijua.

Nikavuta kigoda mpaka pua ikakaribia skrini. Herufi zilikuwa zimevimba, lakini zilikuwa za Kifaransa. "Sortie!" nikapaza sauti. "Njia ya kutoka, ku kuume! Ralentir, mupunguze mwendo! Péage, kuko kizuizi, mutayarishe makuta ya kulipa!"

"Huyo nani?" Patson akauliza.

"Ndiye aliyeleta sardini," Watson akasema.

Tulikwenda hivyo kwa muda wa karibu saa tatu. Sauti ilinikauka kwa kusoma. Katikati nilichanganya maziwa, nikachovya biskuti na kumtia Watson mdomoni, maana mikono yake haikuachia usukani hata mara moja. Nilimwona tena yule mtu wa zamani, mgongo wima, anaitukana gari ndogo iliyomkata mbele.

Saa kumi na moja kamili umeme ukakatika. Skrini ikawa nyeusi, feni zikanyamaza. Ilibaki sauti ya Patson tu, kwenye simu.

"Watson? Bado uko mbele yangu?"

Watson hakuachia usukani. "Bado niko mbele," akamjibu.

Kisanduku cha kweli kilifika wiki iliyofuata, na kadi ikarudi mahali pake. Sasa unaona kila jani, na matone ya mvua unaweza kuyahesabu. Patson amerudishiwa jicho moja, la pili linangojewa, na kila Jumamosi wako barabarani. Vibao vya Watson sasa vinasomeka hata ukiwa umesimama mlangoni.

Lakini saa nane ikikaribia Watson hunitumia mtu sokoni, na nikifika kigoda changu kimekwisha kupanguswa. Kibao cha kwanza kikitokea, kikubwa, cheupe, safi kabisa, Watson hukunja macho.

"Mama Clotilde," ananiambia, "pale baliandika nini?"

Namsomea.