Kengele ya Bibi Nanabah

Delmar Manygoats hajawahi kumwona mama mkwe wake uso kwa uso, na alimwoa binti yake zamani, wakati sisi sote bado tuna meno. Kwetu Wanavaho, huku Arizona, mama mkwe huitwa "asiyetazamwa". Mkwe wa kiume akimwangalia atapofuka, ndivyo tulivyolelewa. Siku hizi vijana wanakula meza moja na wakwe zao na macho yao yako salama, lakini Delmar na Bibi Nanabah walishika ya zamani. Bibi alishona kikengele kwenye pindo la sketi yake. Delmar akikisikia, anageukia ukutani mpaka bibi apite. Bibi akipeleka kondoo malishoni, Delmar anakwenda kumzibia paa. Jioni anakuta bibi amemwachia nyama ya mbavu juu ya jiwe, imefunikwa vizuri. Huo ndio ulikuwa upendo wao, na nyumba nyingi zinazotazamana kutwa hazina hata nusu yake.

Kisha Delmar akaajiriwa kwenye kambi ya watalii ninayopikia, karibu na Korongo Kuu. Ni mahema, ndiyo, lakini yana vitanda vya mbao, mazulia na majiko ya kuni, na mtu analetewa kahawa kabla hajatoa mguu kwenye shuka. Kazi ya Delmar ni kuni na taulo. Jioni meneja hutaka mmoja wetu akae na wageni motoni awasimulie "mambo ya hapa". Delmar ni mtu wa haya, na siku ya kwanza alikosa la kusema, ndipo akawatajia habari ya mama mkwe na kengele. Wageni wakacheka. Kuchekesha watu kukamnogea. Kila wiki akawa anaongeza chumvi, mpaka ikafika hatua ya kuvaa aproni yangu, kujifunga kengele ya mbuzi kiunoni na kutembea amejikunja, akipiga kelele kwa sauti nyembamba ya kizee: "Mvivu huyu! Binti yangu ameolewa na gogo!"

Nilimwambia. "Kaka, huyo unayemfanyia mzaha ni mama wa watu."

"Aa, dada, hawa wageni tu. Kesho wako Las Vegas."

"Na wewe kesho utakuwa wapi?"

"Jikoni kwako, nakula mkate wako ulioungua," akasema. Nikacheka, Mungu anisamehe.

Shandiin, binti yake Delmar, ni muuguzi kule Flagstaff. Alitaka bibi yake, aliyelala juu ya ngozi za kondoo maisha yake yote, apate walau usiku mmoja wa kulala kama malkia. Akakodi hema kambini kwetu, akachagua Jumapili kwa makusudi, kwa sababu baba yake hupumzika Jumapili. Hakujua kwamba Delmar alikuwa amebadilishana zamu na mwenzetu aliyekwenda kwenye mashindano ya farasi. Wakafika jua likizama. Bibi akaomba kukaa motoni kidogo. Akaketi nyuma kabisa, nyuma ya Wajerumani warefu, blanketi hadi kichwani, na Shandiin akaenda kupanga mizigo hemani.

Nilitoka na sinia la mkate wa kukaanga, nikaliona lile blanketi. Nalijua, mama yangu ndiye aliyelifuma. Delmar alikuwa tayari ndani ya aproni, amejikunja. Nikamwelekezea kule nyuma kwa kuchomoza midomo, kama tunavyoelekeza sisi. Yeye akadhani nampa busu la kumtania, akanirudishia lake. Wageni wakavunjika mbavu.

"Mama mkwe yuko wapi leo?" akapaza sauti, tochi mkononi, akianza kupita katikati ya viti. "Jitokeze, mimi gogo lako nikuone!"

Alikuwa amebakisha viti viwili. Ndipo kengele ikalia. Siyo ya mbuzi. Ni ile ndogo, taratibu, kutoka chini ya blanketi.

Delmar aliijua kabla ya sisi wote. Tochi ikaanguka. Akajifunika uso kwa mikono miwili, akasimama palepale. Bibi hakuacha kuitikisa kengele yake. Alikuwa anamlinda macho, yeye aliyetoka kumdhihaki mbele ya watu, na aliendelea kumlinda mpaka Delmar alipogeuka. Wageni walipiga makofi na miluzi, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Mjerumani mmoja akaomba irudiwe. Nilitamani ardhi ipasuke.

Baadaye Delmar alipeleka kuni kwenye hema la bibi, nami nikimfuata na mkate. Alisimama ameupa mlango mgongo, na Shandiin amesimama kati yao, analia.

"Mwambie baba yako sauti yangu si nyembamba vile," bibi akasema kutoka ndani.

Shandiin akarudia, ingawa kila mtu alikuwa amesikia.

"Mwambie pia sijawahi kumwita mvivu. Hata moyoni. Watu wakiniuliza, huwa nasema Mungu alinipa mwana."

"Mwambie bibi yako..." Delmar akaanza. Akaanza upya. "Mwambie bibi yako..." Akainama kupanga kuni zilizokuwa zimeshapangika.

Kengele ikalia tena humo ndani. Bibi alikuwa anakuja kuchukua kuni zake, na alikuwa anampa nafasi ya kuondoka. Delmar akaondoka haraka, bado ana aproni yangu, ile kengele ya mbuzi ameibana kiganjani isilie.