Mwiko wa Mama Keza

Jamani, akili yangu bado inakataa. Mama Keza tumemzika jana, na mimi leo sina machozi, nina kinyaa.

Kwa msiomjua: alikuwa Mlokole, amekulia Tanzania. Kila Jumamosi alitufundisha sisi watu wazima, Wakristo na Waislamu, kwenye ukumbi wa kanisa lake, mtaa wa Remera. Somo lilikuwa jinsi tunavyodharauliana huku tunachekeana.

Projector hakuwa nayo. Alikuwa na mwiko wa ugali.

Ukimsifu mtu wa dini nyingine, marufuku kusema "lakini". Ukisema, anagonga meza, ko! "Neno hilo humu ndani ni mwiko," halafu anauinua ule mwiko. Utani huo huo kila wiki, na anacheka mwenyewe.

Ukikimbilia Kinyarwanda, "ariko", anagonga. Kuna mzee alijificha kwenye Kifaransa, "mais", akagongewa mara mbili.

Wa kwanza kugongewa nilikuwa mimi, fundi cherehani wa Niboye na hijabu yangu. Nilijitia mpole: "Mama Keza ni Mlokole lakini hana maringo." Ko! "Kwa hiyo Zuhura, wenzangu wote wana maringo?" Ayi Mana yanjye, Mungu wangu, nilivyoona haya!

Urafiki ukaanzia hapo. Akija dukani kwangu anavua viatu, anapanga mabaki ya vitambaa kwa rangi bila kuombwa. Mteja akininong'oneza "huyu Mkristo wako mzuri, lakini...", Mama Keza anagonga meza kwa mkasi wangu.

Alipolazwa hospitali ya Kibagabaga, sauti imeshakwisha, aliniambia: "Siku ya kunizika utaongea wewe. Ongea Kiswahili, hicho wanachosema ni cha Waislamu. Wasikie." Nikaahidi.

Jana asubuhi simu ikaita. Mzee wa kanisa, msimamizi wa ratiba. Huyu alimaliza training yote ya Mama Keza, cheti kakitundika sebuleni.

"Dada Zuhura, sisi hatuna shida na wewe, lakini kuna waumini watajisikia vibaya ukisimama madhabahuni na hijabu."

Yaani! Nilitaka kutema mate.

Nikaenda kanisani, nikakaa nyuma. Mzee yule yule akashika maiki: "Dada yetu alichangamana sana na Waislamu, lakini imani yake hakuipoteza." Watu wakaitikia, "Amen!"

Nikawatafuta wa darasa letu kwa macho. Tulikuwa wengi mle ndani. Wote walilisikia lile neno, maana wote walikuwa wanatazama viatu vyao. Hakuna aliyegonga.

Hata mimi. Kiti kilicho mbele yangu kilikuwa karibu kabisa, cha kugonga tu, na mkono wangu ukabaki pajani. Niliogopa. Kinyaa changu kikubwa ni hicho, wala sitakificha kwa kuwasema wengine.

Wakati wa kutoka, Keza, binti yake, alinifuata getini akanipa mfuko. Ndani kuna mwiko. "Mama alisema ni wako." Akarudi kwa wageni.

Basi sikilizeni, wa darasa letu, na wewe mzee wa cheti. Niko dukani, meza iko mbele yangu.

Ko!

Mama Keza, uliniambia niongee, nikanyamazishwa, nikakubali. Nisamehe. Naongea sasa: ulikuwa Mlokole na nilikupenda. Nukta. Hakuna neno linalofuata.

Lala, dada yangu. Mwiko ninao mimi.