Viatu vya Bwana Harusi

Fundi ngozi alikuwa mwanamke wa maneno machache na hasira nyingi. Mtaani walimzoea. Ukimletea mkoba uliokatika mkanda, atakutengenezea, lakini kwanza atakusema kwa ulivyokuwa ukiujaza mawe.

Siku hiyo wateja walikuwa wamekaa kwenye benchi lake pale wifi yake alipoingia, akatupa juu ya meza kitu kilicholowa mate.

"Wifi, kazi yako hiyo. Farasi kaila."

Wifi yake alikuwa mtunza farasi kwenye shamba la kufundishia watu kupanda. Huko kulikuwa na farasi mweusi waliyemwita Bwana Harusi, kwa sababu ya mwendo wake wa maringo. Maringo hayo yalikuwa na hasara: akikimbia, kwato za nyuma zilipiga miguu yake ya mbele na kuichana. Ndiyo maana fundi aliagizwa amshonee viatu vya kinga, vya ngozi nene, vyenye mikanda na bizimu. Sasa mikanda ilikuwa imetafunwa kama muwa.

"Nimewashonea viatu watu wazima kwa watoto," fundi alisema, "na hakuna hata mmoja aliyevila!"

"Basi shona vizuri."

Neno hilo lilimchoma. Mbele ya wateja! Alivishona upya kwa uzi wa nta, akipiga sindano kana kwamba anamchoma mtu. Kabla wiki haijaisha vilirudi vimetafunwa tena. Safari hii fundi aliingia jikoni. Alisaga pilipili, akaichanganya na sabuni ya mche, akaipaka kwenye ngozi yote.

Kesho yake alikuwa nyumbani anakula na mumewe wakati mlango uliposukumwa. Wifi alisimama pale, jicho moja limevimba na kufumba kabisa.

"Umetaka kunipofusha! Nimefunga mikanda kwa mikono hii, nikajifuta jasho. Pilipili! Hata kuniambia hukuniambia!"

"Na farasi?"

"Kapiga chafya, kavivua, kavitupa kwenye ndoo ya maji, nikamvalisha tena kwa jicho moja. Jicho langu huliulizii, unauliza farasi?"

"Jamani," mume alijaribu, "si viatu vya farasi tu hivi?"

"Wewe nyamaza!" walimgeukia wote wawili kwa pamoja. Akanyanyua sahani yake, akaenda kumalizia chakula nje.

Fundi aliondoka asubuhi kwenda shambani. Alitaka kumwona huyo mnyama kwa macho yake. Akajibanza pembeni ya banda, ananusa nyasi kavu na mkojo. Bwana Harusi hakuanza kwa kutafuna. Alianza kwa kupiga mguu chini. Akausugua kwenye ubao. Akausugua tena, kwa nguvu. Ndipo akainamisha kichwa, akaukamata mkanda kwa meno na kuvuta.

"Huyu anawashwa," fundi alimwambia wifi yake, aliyekuwa akizoa kinyesi pale bandani. "Mshike kichwa."

Wifi akamshika. Fundi akafungua bizimu, akavua kiatu. Harufu ikampiga usoni. Ndani kulijaa mchanga uliolowa jasho, na chini yake manyoya yalikuwa yamenyonyoka, ngozi imebaki nyekundu kama nyama.

"Unavivua saa ngapi?"

"Sivivui. Msimamizi kasema asiachwe miguu wazi, asije akajiumiza."

"Hata akila? Hata akilala? Wewe ungeshinda na kulala na mabuti yenye mchanga?"

"Usinipigie kelele!" Sauti ya wifi ilikatika, na lile jicho bovu likaanza kutoa machozi. "Tangu mwenzangu afukuzwe, banda zima ni mimi. Kulisha mimi, kuzoa kinyesi mimi, kuosha mimi. Mimi nina mikono mingapi?"

Fundi alimtazama. Hasira haikuisha, iligeuka tu upande. Akakinyakua kile kiatu kinachonuka, akaelekea ofisini, wifi yake nyuma akimwita arudi, kisha akaacha kumwita na kumfuata.

Msimamizi alikuwa anakunywa chai. Fundi alikibwaga kiatu kando ya kikombe.

"Nusa."

"Mama, hapa ni ofisini."

"Nusa! Farasi wako anaoza mguu, na huyu anakufa kwa kazi. Viatu vitavaliwa akienda kukimbia tu. Akirudi vinavuliwa, miguu inaoshwa, inakauka. Na peke yake hawezi!"

Msimamizi alibishana, akasema yeye ndiye mkubwa pale. Lakini alipokwenda kuuona ule mguu aliagiza viatu vivuliwe.

Fundi akashona vingine, vyenye bitana laini, ncha za mikanda zimefichwa. Kidonda kilipopona, akaenda kutazama. Bwana Harusi alizunguka uwanja akiwa navyo, hakuvigusa. Uzioni, msimamizi alikuwa anawaeleza wageni: "Niligundua mwenyewe kwamba tatizo ni mchanga."

Fundi akafungua mdomo. Wifi akamkanyaga mguu.

"Tafadhali, wifi. Jumatatu naletewa mwenzangu. Usiniharibie."

Fundi akameza maneno yake, na yalishuka kwa shida. Njia nzima ya kurudi alikuwa anasema peke yake, na aliyemsalimia siku hiyo hakujibiwa.